Fundi wa Makali Anajibu: Mashine ya Babu Msiipeleke kwenye Grinda

Barua za mwezi huu zinahusu masanduku. Mzee ametangulia mbele ya haki, sanduku lake limefunguliwa, na chini ya nguo vimeonekana vitu vya kunyolea ndevu ambavyo vijana wa nyumba hawajui hata vinavyoshikwa. Nimenyoa na kunoa hapa Ujiji tangu nikiwa mtoto wa kumwagia mjomba wangu maji, kwa hiyo maswali haya nimeyapokea kwa mikono miwili. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, maana najua nyumba nyingi zina mashine kama hiyo uvunguni.

*Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mjukuu wa kike, naishi Ng'ambo, Tabora. Babu yetu alikuwa mtu wa reli tangu enzi za East African Railways mpaka alipostaafu. Baada ya arobaini bibi alitukabidhi sanduku lake la bati. Ndani, chini ya koti la kazi, tulikuta kopo la biskuti limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani ya kopo mna mashine ya kunyolea ndevu ya chuma, ile ambayo ukizungusha kitako cha mpini milango miwili inafunguka juu. Pia mna kipande cha shabu na wembe wa kukunja wenye mpini mweusi. Mashine imekwama kabisa na ina madoa ya kijani. Imeandikwa Gillette, Made in England, na kuna herufi F na tarakimu 4. Kaka yangu anataka kuipeleka kwa fundi wa grinda aing'arishe iwe kama mpya, kisha aitumie. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea babu maji ya moto kwenye kikombe kila Ijumaa asubuhi, sitaki iharibiwe. Tufanyeje? Na je, mtoto wa kike anaweza kukaa na vitu vya babu vya kunyolea?*

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba.

Kwanza mzuie kaka yako. Mwambie ni mimi nimesema, na mwambie sababu yake. Mjomba wangu aliponiachia kiti cha unyozi aliniachia na wembe mmoja wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Karibu na ncha ulikuwa na doa la kutu dogo kama punje ya ulezi. Nikaona aibu kumnyolea mteja wembe wenye doa, nikaupeleka kwa jirani aliyekuwa na grinda ya kunolea mapanga. Cheche ziliruka, doa likaisha, nikafurahi. Nilipousogeza kwenye mwanga nikaona makali yamebadilika rangi: njano ya nyasi kavu, mbele yake kahawia, na pale pembamba kabisa buluu kama shingo ya njiwa. Chuma cha wembe huchomwa na kuzimwa ghafla kiwe kigumu, halafu hupashwa tena moto wa kadiri, nyuzi 200 na kidogo za Selsiasi, kisije kikavunjika kama kigae. Kikishaonyesha buluu kimefika karibu nyuzi 300, na ule ugumu umeondoka. Niliunoa wiki nzima. Unakata nywele mbili tatu, kisha makali yanalala. Wembe ule ninao mpaka leo, hauwezi tena kunyoa na siwezi kuutupa.

Mashine yenu si ya kuungua namna hiyo, lakini grinda itaiua kwa njia nyingine. Mashine za aina hiyo ndani ni shaba ya njano, nje zimechovywa nikeli, na mchovyo wenyewe ni mwembamba kuliko karatasi. Gurudumu la grinda likipita mara moja tu, nikeli imekwenda, na ile michoro ya mpini inayozuia vidole visiteleze inakuwa laini kama kijiko. Itang'aa siku ya kwanza. Baada ya mwezi itakuwa nyeusi, na mkono wenye sabuni hautaweza kuishika.

Sasa hiyo F na 4. Gillette walikuwa wakigonga herufi ya mwaka na tarakimu ya robo ya mwaka. A ni 1955, B ni 1956, hesabu mpaka F utafika 1960, na 4 ni robo ya mwisho. Mashine ya babu yenu ilitoka kiwandani kati ya Oktoba na Desemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Muulizeni bibi kama mzee alikuwa ameshaajiriwa reli wakati huo. Kijana wa reli mwenye mashine ya Gillette alikuwa mtu nadhifu, naye bibi atakuwa na la kusimulia.

Tuje kwenye kukwama. Watu wengi hudhani imekwama kwa kutu, wakaenda kutafuta koleo. Shaba haishiki kutu kama chuma. Kilichoishika ni sabuni: miaka na miaka ya povu lililoingia kwenye bawaba za ile milango na kwenye uzi wa kitako, likachanganyika na chumvichumvi za maji, likaganda kama ukoko. Ukoko wa sabuni unaondolewa kwa subira. Chukueni beseni la plastiki, maji ya vuguvugu ambayo kidole kinavumilia, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, mlaze humo mashine usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Sugueni kwa mswaki laini, hasa pale mlango unapokutana na mwili wa mashine, mwageni, mrudie. Siku tatu zinatosha, nne kama mzee hakuwa na tabia ya kuisuuza. Msiichemshe juu ya moto.

Ikishakauka vizuri, tone moja la mafuta ya cherehani pale kitako kinapoungana na mpini, na tone dogo kwenye kila bawaba. Iacheni isimame wima siku nzima, mafuta yashuke yenyewe. Halafu kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe kwenye kitako upate mshiko, na uzungushe kwa vidole. Kwa vidole, mjukuu wangu. Ndani ya mpini kuna fimbo nyembamba ndiyo inayovuta milango, koleo litaipinda kabla hujasikia chochote. Ikikubali robo ya mzunguko, irudishe. Robo tena, irudishe. Utasikia mchakacho mdogo kama mchanga kwenye meno. Huo ni ukoko unavunjika. Irudi kwenye sabuni, kisha mafuta. Siku milango ikifunguka yote miwili kwa pamoja, kama mbawa za kumbikumbi, utaniandikia.

Mafuta hayo yawe ya cherehani kweli. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu Kigoma mawese tunapaka kila kitu, na kuna mtu aliniletea wembe aliouhifadhi kwa mawese. Mafuta ya kula huchacha, huganda, yakageuka gundi. Mafuta ya mashine hayachachi. Meli yetu ya Liemba ni shahidi. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie maadui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Ilikaa chini ya Ziwa Tanganyika mpaka Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo bado mizima, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina hili tunalolijua. Miaka minane chini ya ziwa, na grisi ndiyo iliyoikinga. Mashine ya babu haihitaji grisi, tone moja linatosha, ila muone tofauti ya mafuta na mafuta.

Madoa ya kijani ni jasho la shaba, yanaonyesha nikeli imetoboka hapo. Lowesha pamba kwa siki au maji ya ndimu, ibandike juu ya doa dakika tano, futa, suuza kwa maji mengi, kausha. Lisipotoka lote rudia kesho, usiiache pamba ilale humo, maana tindikali ikimaliza ukijani itaanza kula nikeli iliyobaki. Na msichanganye ndimu na chumvi kama tunavyosugulia birika za shaba. Brasso pia iacheni kwa askari na vifungo vyao.

Mkimaliza, pataonekana sehemu za njano ambapo nikeli imekwisha. Hapo msiguse. Itazameni mashine kwenye mwanga wa dirisha. Kwa mtu anayeshikia mkono wa kulia, mpini hulika upande mmoja, karibu na shingo, pale kidole gumba kinapokaa. Kisha kunakuwa na alama ya pili, ndogo, ya kidole cha shahada. Weka kidole chako juu ya alama hiyo. Mzee wako alikishika chombo hicho hapo hapo, Ijumaa kwa Ijumaa. Kuichovya nikeli upya inawezekana, wapo mafundi wanaofanya, nami sitawazuia kama mashine imeoza mwili mzima. Hii yenu haijaoza. Mkiichovya mtapata mashine nzuri isiyokuwa ya mtu.

Kaka yako anataka kuitumia, na hapo niko upande wake. Chombo cha kazi kikifanya kazi ndiyo uhai wake. Wembe wa pande mbili, ule ambao King Camp Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904, umbo lake halijahama kiasi cha kuwasumbua: urefu milimita 43 hivi, unene sehemu moja ya kumi ya milimita. Wembe wa duka la mtaani unaingia kwenye mashine ya 1960 bila kulazimishwa. Kabla ya kunyoa mara ya kwanza, mashine ilale kwenye spiriti dakika kumi. Jik hapana, inakula chuma. Na wembe uwe wake peke yake, hata ndugu wa tumbo moja wasipokezane, kwa sababu kirusi cha homa ya ini aina B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba. Mikono ya leo imezoea mashine nyepesi za plastiki ambazo lazima uzikandamize. Hii ina uzito wake. Ailaze shavuni, ateremshe, asikandamize hata kidogo. Wiki ya kwanza anyoe kufuata nywele zinakoelekea tu.

Wembe wa kukunja ni habari nyingine. Angalieni kwenye shingo ya chuma, kabla hakijaingia kwenye mpini, kama pamegongwa Solingen au Sheffield, mji wa visu wa Uingereza. Solingen kuonekana Tabora si jambo la kushangaza, Wajerumani waliishikilia Tabora mpaka Septemba 1916 Wabelgiji walipoiteka, na bidhaa zao ziliendelea kuletwa na wafanyabiashara baadaye. Uelekeze kwenye taa, makali yakitazama jicho lako. Makali mazima hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Ukiona nukta zinazometa, hapo pamemomonyoka. Ukiona mstari unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni, huo ni ufa. Wembe wenye ufa usirudi usoni mwa mtu maisha yake yote. Kama kutu iko mgongoni tu, mafuta ya cherehani na msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ule wanaotumia wapaka rangi magari, ukisugua kwa urefu wa wembe, vidole vikiwa upande wa mgongo. Kunoa mpeleke kwa mtu anayejua kulaza wembe juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, bila kuuinua. Akikuambia ataunoa kama kisu, chukua wembe wako uondoke.

Jambo moja la haraka, fanyeni leo: uondoeni wembe huo kwenye lile kopo. Mpini mweusi unaweza kuwa wa pembe ya ng'ombe, unaweza pia kuwa wa seluloidi, plastiki ya zamani. Usugue kwa kitambaa chenye maji ya moto, unuse. Ukinuka kafuri ni seluloidi, na seluloidi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma kilicho jirani. Ndani ya kopo lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Usiujaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoelekeza, seluloidi huwaka kama baruti. Kanga nayo ifueni muitunze pembeni, kitambaa huvuta unyevu. Kwenye kopo wekeni vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu swali lako la mwisho. Mjukuu ni mtani wa babu yake, wa kike na wa kiume sawasawa, na mimi sijawahi kusikia kwa wazee wangu kwamba chuma kinachagua. Bibi yupo, ndiye mwenye neno. Lakini ukiniuliza mimi, kaka achukue mashine kwa sharti la kuitunza hivi nilivyoeleza, nawe uchukue kopo, shabu na wembe. Na kile kikombe cha maji ya moto hukukitaja kwenye barua yako. Kitafuteni jikoni, vikombe vya aina hiyo huishia kupimia unga.

*Assalaam alaykum Mzee. Niko Ujiji, mtaa wa pili kutoka kwako. Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, alipigana Burma, akarudi na brashi ya kunyolea ambayo tumeipata juzi. Mpini ni mzuri sana, nywele zimebaki nusu. Rafiki ameniambia brashi za Wazungu ni nywele za nguruwe. Naogopa hata kuishika. Niitupe?*

Waalaykum salaam. Usiitupe. Rafiki yako amesema kweli kwa brashi nyingi, si kwa zote. Unywele wa nguruwe ni mgumu, mnene, na ncha yake hupasuka ikawa mbili au tatu. Ukiupitisha kwenye ncha za vidole unachoma kidogo. Zipo za mnyama jamii ya nyegere anayeishi Ulaya: hizo ni laini, zina mkanda mweusi katikati na ncha nyeupe. Zipo pia za farasi. Tazama chini ya mpini. Maneno *Pure Badger* ni huyo nyegere wa kwao, na *Pure Bristle* mara nyingi ni nguruwe. Hukumu ya kuishika na kuitumia si ya kinyozi, mpelekee shehe wako ukiwa na brashi yenyewe mkononi, aone anachoulizwa.

La kwangu ni la afya na ufundi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza brashi za nywele za farasi zilizotoka Asia ziliwaambukiza watu kimeta huko Uingereza na Marekani, askari na raia. Wafugaji wanajua kimeta kinavyokaa ardhini miaka mingi kikingoja ng'ombe. Kwenye nywele ni vivyo hivyo. Ndiyo maana brashi iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1930 huwa namwambia mtu aiweke kabatini, asiilowanishe. Ya babu yako kama aliipata jeshini wakati wa Burma ni ya baadaye, hofu hiyo ni ndogo. Hata hivyo nywele zimeshakwisha, na hapo kuna njia itakayokutua mzigo wote: ng'oa nywele zote, safisha shimo la mpini, weka kichwa kipya cha nyuzi za nailoni kwa gundi ile ya kuchanganya tyubu mbili. Mpini unabaki wa babu, povu linapatikana, na shehe hana la kusema. Nimeshafanya brashi za namna hiyo, na nailoni za siku hizi ni laini kuliko unavyodhania. Njoo nayo, ni mtaa wa pili tu.

*Fundi, nina wembe wa kukunja wa babu mzaa mama, mpini mweupe kama maziwa. Kuna mtu ananiambia ni pembe ya ndovu na anataka kuununua kimyakimya. Nikubali? Mwanga, Kigoma.*

Usikubali. Mtu anayenunua kimyakimya anajua kwa nini amenyamaza. Angalia mpini kwa lenzi: seluloidi ya kuigiza ina mistari iliyonyooka na kulingana kama daftari, pembe ya ndovu halisi ina mistari isiyofanana, na mahali pengine inakatizana kama wavu. Kama ni seluloidi, furahi, una wembe wa kawaida. Kama ni pembe, hiyo ni nyara ya serikali, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukutwa nayo bila kibali ni kosa, haijalishi ilinunuliwa na nani na lini. Nenda ofisi ya wanyamapori ukiwa na mtu mzima wa familia, uulize kabla hujaulizwa.

*Shikamoo Mzee. Nipo Kibirizi, ni mvuvi. Babu yangu aliacha kasha la chuma, refu kama peni, lina vifuniko viwili. Kimoja kina jiwe ndani, kingine kina ngozi nyekundu. Katikati kuna wembe mnene wenye kishikio cha kusukuma mbele na nyuma. Nikiwa mdogo nilikuwa naamshwa na sauti yake, kra-kra kra-kra, lakini sikuwahi kumuona akikitumia, alijifungia chumbani. Hiki ni nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu sauti hiyo naijua. Hiyo ni Rolls Razor, ya Uingereza, ilianza kutengenezwa London mwaka 1927 na ikaendelea mpaka miaka ya 1950. Kampuni yenyewe baadaye iligeukia mashine za kufulia, ikafilisika mwaka 1964. Kwa mtu anayeishi mbali na maduka kilikuwa chombo cha akili sana: wembe mmoja, haununui mwingine, unaunoa ndani ya kasha lake mwenyewe.

Vua kifuniko cha ngozi kwanza uone hali yake. Ikiwa imekauka usiipake mafuta. Ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, iache kivulini ikauke, kisha isugue kwa kiganja cha mkono, dakika tano kila jioni, wiki nzima. Mafuta ya kiganja yanaitosha. Jiwe likaguliwe kwa kucha: kama kucha inakwama kwenye ufa, usilitumie, litakwangua makali. Kama ni zima, lioshe kwa sabuni na mswaki. Wembe utoe taratibu, futa kutu kwa mafuta ya taa na kitambaa, usiguse makali kwa msasa. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye reli wembe unapotelezea.

Ukikirudisha pamoja, upande wa jiwe juu, sukuma kishikio mbele na kukirudisha, bila nguvu. Utaona wembe unajigeuza wenyewe kila ukifika mwisho, na ndiyo sauti yako hiyo. Mapito ishirini yanatosha, na usirudie jiwe mpaka wembe uanze kuvuta ndevu. Geuza upande wa ngozi, mapito thelathini, hii ndiyo ya kila siku. Sauti ya jiwe ni kavu, ya ngozi ni nzito kidogo. Ile iliyokuwa ikikuamsha nadhani ni ya ngozi, kwa kuwa mzee alinyoa kila asubuhi. Jaribu zote mbili, utaitambua.